Kapiteni Joubert wa Mrumbi, baba wa padri aliyeuawa Fizi

Jumapili tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza misa kama mjumbe wa Papa Fransisko na kuwatangaza Wenye Heri wanne waliouawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi. Watatu kati yao walikuwa Waitalia wa shirika la Waxaveri: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didoné na Bruda Vittorio Faccin. Wa nne alikuwa padri mzalendo, mzaliwa wa Moba, na jina lake ni Albert Joubert.

Wengi waliolisikia jina hilo walijiuliza padri wa hapa kwetu alipata wapi jina la Kifaransa. Hakulichagua siku ya ubatizo. Ni jina la baba yake, Léopold Louis Joubert, ambaye pwani yote ya Tanganyika, kutoka Mpala hadi Moba, alijulikana kama Kapiteni Joubert. Kanisa limemtukuza mwana, lakini habari ya jamaa hii inaanza kwa mzee huyo. Jina lake bado linagawanya watu: kuna wanaomwita mlinzi na kuna wanaomwita mtawala aliyekuja na bunduki.

Kwa watu wa Kasongo, Kabambare na Wamaza, jamaa hii si ya mbali. Teritware ya Kabambare inapakana na Fizi. Zaidi ya hapo, hadi mwaka 1962, Uvira ilipopewa uongozi wake yenyewe, Wakatoliki wa upande ule wa ziwa walikuwa chini ya Kasongo. Na vita vilivyompa Kapiteni Joubert jina lake vilihusu njia moja, njia ya misafara iliyotoka Kasongo, ikapita Kabambare na kushuka hadi ziwani.

Katika sehemu hizo za Maniema ya kusini, mkubwa wa jamaa akifa watu humkumbuka kwanza kwa biashara yake: duka alilofungua, gari lililobeba mpunga wake, michikichi aliyopanda, vijana aliowapa mtaji wakaweza kuoa. Desturi hiyo ina mizizi mirefu, maana Kasongo yenyewe ni mji uliojengwa na biashara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, aliufanya kuwa makao yake, na mashamba ya mpunga yakaenea kuuzunguka. Pembe za ndovu zilitoka hapo zikiwa juu ya mabega ya watu, zikapita Kabambare, zikavuka ziwa hadi Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo na Unguja. Wenye mtaji wa Unguja, kama Mhindi Taria Topan, walitoa bidhaa kwa mkopo, na deni likalipwa kwa pembe. Pembe zilihitaji wabebaji, mashamba yalihitaji wakulima, na mara nyingi wote wawili walipatikana kwa kuteka watu. Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi akiwa mgonjwa wa vidonda vya miguu, na tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Stanley alipita Kabambare mwaka 1876 akiufuata mto Luama hadi Lualaba.

Huo ndio ulimwengu alioukuta Joubert. Alipokuja hakutafuta pembe wala mpira. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, aliondoka kwao akajiunga na vijana Wakatoliki waliokwenda Italia kulinda dola ya Papa. Aliwatumikia Mazuavu, askari wa Papa, akapanda cheo hadi kapiteni, na alikaa huko mpaka Roma ilipoanguka tarehe 20 Septemba 1870. Dola ya Papa ikaisha, na kapiteni akabaki bila jeshi.

Kardinali Lavigerie, askofu wa Algiers aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, alikuwa na shida iliyomfaa mtu kama huyo. Mapadri wake walifika Ujiji mwaka 1879. Walipovuka kwenda ng'ambo ya magharibi ya ziwa waliwakuta wakaaji wanaokimbia, na wao wenyewe walikuwa hatarini. Lavigerie akatafuta askari wa zamani wa Papa, watu wa kufundisha wenyeji kujilinda. Joubert aliondoka mwaka 1880. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Mulweba, katika nchi ya Wamasanze, upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa, ndani ya Fizi ya leo. Mwaka 1885 alirudi Ufaransa, na wengi wangedhani yamekwisha.

Mwaka uliofuata alikuwa tena njiani. Alipita Unguja, akafika Karema, kisha akavuka ziwa na kuingia Mpala tarehe 20 Machi 1887. Wiki chache kabla ya hapo, mwezi Februari, Stanley na Tippu Tip walikuwa wametia sahihi mkataba huko Unguja, na mfanyabiashara mkubwa wa Kasongo akawa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1887 watu wawili walipewa, kila mmoja kwa namna yake, kusimamia mashariki ya Kongo. Wa kwanza alikuwa na maelfu ya watu wenye bunduki na mtandao wa biashara uliofika Bahari ya Hindi. Wa pili alikuwa mzee wa miaka 45 mwenye kikosi kidogo cha vijana wa kijiji. Dola ile ile ilimlipa wa kwanza mshahara, na huyu wa pili akaachiwa mapadri wamtunze.

Mpala haikuwa mahali pasipo na historia. Boma lilijengwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, ambaye vikosi vyake vilimuua mtemi Lusinga mwezi Desemba 1884 na kukata kichwa chake. Fuvu la Lusinga lilipelekwa Ubelgiji, na hadi siku hizi limehifadhiwa Brussels, jambo linaloendelea kuleta mabishano. Storms alipoondoka mwaka 1885, boma lilikabidhiwa kwa mapadri. Joubert alirithi kuta hizo, na alirithi pia hofu ambayo watu wa Marungu walikuwa nayo juu ya kuta hizo.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa migumu. Mwaka 1888 wakaaji wa pwani, wakiongozwa na Abushiri, waliwaasi Wajerumani, na njia ya kwenda Bagamoyo ikafungwa. Barua hazikufika, baruti ikawa haba. Kutoka Ujiji, Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alitaka kuishika pwani yote ya magharibi. Watu waliotoroka misafara walikimbilia Mpala, na baadaye Mrumbi, kijiji alichokianzisha Joubert na kukipa jina la Saint-Louis. Wengi wao walikuwa wamepoteza ukoo, hawakujua tena kwao ni wapi. Wengine walikuwa watoto walionunuliwa na mapadri sokoni ili waachiwe huru. Kijiji kikaundwa na watu wa lugha mbalimbali waliounganishwa na Kiswahili, na mkubwa wao akawa huyu Mfaransa mwenye ndevu.

Wakati huo huo, Lavigerie alikuwa akizunguka miji ya Ulaya kuhubiri dhidi ya biashara ya watumwa: Paris mwezi Julai 1888, London mwisho wa mwezi huo huo, Brussels tarehe 15 Agosti. Jina la Joubert lilisikika kwenye hotuba na magazeti, na michango ikakusanywa. Msaada wa kijeshi ulichelewa. Kapiteni Jules Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alifika ziwani mwaka 1891 na mwishoni mwa mwaka huo akaanzisha Albertville, Kalemie ya sasa. Naye pia alizingirwa na watu wa Rumaliza.

Mambo yaliamuliwa Maniema. Jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alikufa mwaka ule ule. Rumaliza alipanda na watu wake hadi karibu na Kasongo, wakapigana kwa miezi, na boma la Kabambare likaanguka mwezi Januari 1894. Rumaliza akakimbilia upande wa Wajerumani. Ni vita vya dola ya Leopold, na waliofuata baada ya Rumaliza hawakuwa malaika: kodi, kazi ya lazima na kiboko vilikuja na bendera mpya. Lakini misafara ya watumwa kupitia Kabambare ilikwisha, na shinikizo juu ya vijiji vya Joubert likapungua.

Hapa ndipo kumbukumbu zinapoachana. Katika vijiji vya Wakatoliki vya Moba, Kapiteni ni baba aliyeweka mwili wake kati ya watu na minyororo. Wanahistoria waliosoma shajara za misheni wanaonyesha pia upande mwingine. Lavigerie aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na Mpala ulikuwa mwanzo wa ndoto hiyo. Mapadri na Joubert walihukumu kesi, walitoza faini, waliadhibu kwa viboko, na vikosi vya kapiteni viliwaendea hata watemi wenyeji waliokataa kutii misheni, ambao hawakuwa wafanyabiashara wa watumwa. Aliyekimbilia Mrumbi alipata usalama, na akapata pia kengele, katekisimu na sheria ambazo hakushauriwa juu yake. Haifai kuficha upande huo kwa sababu mwana ametangazwa Mwenye Heri, na haifai pia kusahau kwamba kwa mtu aliyetoka kwenye mnyororo, kengele ya asubuhi lilikuwa jambo dogo.

Jambo moja halina mabishano. Wazungu wengi wa wakati ule walizaa na wanawake wa Kongo, wakaenda zao. Joubert alioa. Mwaka 1888 alifunga ndoa kanisani na Agnes Atakao, Mkristo wa huko huko ziwani, na wakakaa pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Wanaosimulia vita vya Kapiteni humtaja Agnes kwa mstari mmoja tu, jambo la kusikitisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyelea nyumba iliyojaa watoto, mumewe akiwa mara kwa mara vitani, na yeye ndiye aliyewapa watoto hao lugha, wajomba na mahali pa kuita kwao. Watoto walibeba jina la baba hadharani na kukua chini ya macho ya mama yao.

Uzito wa jambo hilo unaonekana zaidi ukilinganisha na yaliyowapata watoto wengine machotara chini ya utawala wa Wabelgiji. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwaondoa watoto hao mikononi mwa mama zao na kuwaweka kwenye nyumba za misheni, mbali na vijiji vyao, mara nyingi bila baba kuwatambua. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha bungeni. Na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa misheni ya Katende, Kasai, ikasema kitendo hicho kilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Misheni nyingi za Kikatoliki zilishiriki katika mpango huo. Nyumba ya Mrumbi, nayo ya Kikatoliki kabisa, ilikwenda njia nyingine miongo mingi kabla.

Albert alizaliwa Saint-Louis de Mrumbi tarehe 18 Oktoba 1908. Baba yake alikuwa na miaka 66. Mtoto hakumjua kapiteni wa vita. Alimjua mzee wa kijiji, mtu wa misa ya kila siku, aliyezungukwa na wajukuu wa watu aliowapokea. Nchi ilikuwa imebadilika. Askofu Victor Roelens alitawala kanisa kutoka Baudouinville, kule Kirungu, ambako seminari ilikuwa ikifundisha vijana wenyeji. Mwaka 1917 seminari hiyo ilimtoa Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Albert alikuwa na miaka minane. Kwa mtoto wa Moba, kuona mtu wa Marungu altareni kulikuwa jambo la kuona kwa macho, si hadithi kutoka mbali.

Imani ile ile ilikuwa imekwisha kupanda hadi Maniema. Mapadri Weupe walifungua misheni huko Kasongo mwaka 1903, mahali pa mji wa kale wa Waarabu ambapo watu walipaita Tongoni, yaani penye magofu. Kwa hiyo padri wa kwanza aliyesoma misa Kasongo alifika kwa kuifuata, kinyume chake, njia ya pembe na watumwa. Watoto wa Wangwana na watoto wa waliotekwa na Wangwana wakakaa mji mmoja, huku msikiti, kule kanisa, na hadi leo jamaa nyingi za Kasongo na Kabambare zina ndugu pande zote mbili. Mwaka 1952 Kasongo ikawa vikariati yenyewe, chini ya Askofu Richard Cleire.

Kapiteni Joubert alikufa tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85. Tangu aliporudi mwaka 1887 hakuondoka tena. Alizikwa huko huko. Albert wakati huo alikuwa kijana wa miaka 18. Alipewa upadri tarehe 6 Oktoba 1935, miaka minane baada ya kifo cha baba yake. Miaka yake ya mwisho aliifanyia kazi Fizi, ambako Waxaveri, waliofika Kongo mwaka 1958, walikuwa wamekabidhiwa parokia za upande ule. Kati ya Waitalia hao vijana, yeye ndiye aliyekuwa mzee wa nyumba, na ndiye aliyeijua nchi.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea kutoka Uvira na Fizi, ukapanda Kabambare na Kasongo, na mwezi Julai ukaiteka Kindu. Mwezi Agosti ukashika Stanleyville. Wakaaji wa Maniema hawahitaji kusimuliwa: jamaa nyingi zilipoteza mtu, awe ameuawa na Simba kwa kuwa karani, mwalimu au mfanyabiashara, awe ameuawa na jeshi lililokuja baadaye kwa kudhaniwa Simba. Maduka ya Kasongo yaliporwa, na wengi waliokuwa na mali walianza tena na mikono mitupu.

Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Kibelgiji waliteremka Stanleyville. Habari zilifika upesi katika sehemu ambazo Simba bado walizishika, na hasira ikawageukia wamisionari waliokuwa karibu. Siku nne baadaye kiongozi mmoja wa waasi, Abedi Masanga, alifika misheni ya Baraka. Bruda Faccin na Padri Carrara waliuawa hapo. Kisha gari likapanda hadi Fizi, jioni ikiwa imekwisha kuingia. Padri Didoné na Padri Albert walipigwa risasi kwenye mlango wa nyumba yao.

Kwa waliofyatua, huenda padri yule mwenye jina la Kizungu alikuwa Mzungu tu kama wale wengine. Alikuwa na miaka 56, mwana wa Agnes Atakao, aliyezaliwa na kulelewa kando ya ziwa lile lile. Nchi aliyofia ndiyo nchi ambayo baba yake alikuwa amefika katika safari yake ya kwanza akiwa na bunduki begani, ili kuwafundisha watu wake kujilinda.

Papa aliidhinisha tangazo la Wenye Heri tarehe 14 Desemba 2023, na miezi minane baadaye Uvira ikajaa watu. Kasongo ina kesi yake nyingine inayosubiriwa, ya Christophe Munzihirwa, aliyekuwa askofu wake kabla ya kwenda Bukavu na kuuawa huko tarehe 29 Oktoba 1996. Kwa sasa, katika orodha ya Wenye Heri wa Kongo, karibu na Isidori Bakanja na Anuarite Nengapeta, limeandikwa jina la Albert Joubert, padri wa jimbo, mzaliwa wa Mrumbi.